Vifungu Vinane na Kijiti

Mwalimu Shaame haiti jina mara mbili.
Anakunjua karatasi, anaita, anaiweka,
na ubaoni chaki inasimamisha vijiti:
vinne wima, cha tano kinavilaza.
Upande wa Salhiya ubao ulijaa,
ikabidi wafute tarehe, wafute mito ya jiografia,
ili apate pa kushindia.

Mimi: vifungu vinane
na kijiti kimoja pembeni, hakina mwenzake.
Kile ni changu. Nilijipigia mwenyewe,
nimeiziba karatasi kwa kiganja
kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani.

Wete nzima, nadhani, ilisikia zile kelele.
Salhiya kabebwa mpaka mferejini,
mtandio umemwangukia begani, kicheko kimemtangulia.
Na mimi nikapiga makofi,
makofi ya mtu anayepukuta unga mikononi.

Nilikuwa na hesabu yangu.
Kidato cha Tatu B, thelathini na wanane,
hakuna asiyenakili kwangu;
daftari linarudi limelegea mgongo,
lina mafuta ya sambusa na dole gumba la mtu.
Nikadhani wanaolipenda daftari
wananipenda mimi.

Salhiya hajamsaidia mtu hata kugawa kwa sita.
Lakini anajua mama yako anaumwa mguu upi.
Anajua paka wenu kazaa.
Anakuita jina la nyumbani, mbele za watu,
nawe unajiona umerefuka.

Nilisema ni ule ubuyu aliogawa.
Nilisema nyumbani, kwa hasira, nikarudia.
Mama yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi,
hakuinua kichwa:
"Na hao wako arubaini, Bikombo, ni nani?"

Sikujua.

Wiki nzima natazama nyuso kwenye foleni.
Pengine yule mdogo anayetoka Mtambwe kwa miguu,
viatu mkononi mpaka getini.
Pengine yule mwenye kigugumizi
niliyemsubiri siku moja amalize sentensi yake,
wala si kwa wema, nilikuwa nimechoka tu.
Arubaini, na sina jina la hata mmoja.
Wao walilijua langu.
Karatasi moja, Mwalimu alisema, ililikata vipande viwili,
Bi halafu Kombo, kwa wino wa kijani.
Sasa natazama na kalamu za watu.

Alhamisi Salhiya alinikuta kwenye ngazi za maktaba.
"Niandikie hotuba ya kuapishwa. Maneno unayo wewe."
Moyo ulikataa, mkono ukapokea karatasi.
Akanipa na kalamu.
Kijani.
Sikumuuliza. Kalamu za skuli zinaazimwa,
zinatembea kuliko sisi.

Nikaandika juu kabisa: Wenzangu,
nikaweka mkato,
na kengele ikalia ningali pale,
nalitazama lile neno.