Nta ya Sikonge

Mihayo karudi likizo toka seminari,
kabeba daftari na ugomvi.
"Nyamizi," aniambia, nami nakoroga nta jikoni,
"Misri walikuwa na mungu aliyekufa akafufuka
zamani, kabla Bethlehemu haijajua hori.
Wagiriki nao, na mabikira wao waliozaa.
Tumekopa, dada. Tumekopa,
na mdai wetu hatumtaji hata kwenye litania."

Sikumjibu. Utambi ulikuwa umepinda.

Nta hii ni ya mizinga ya Ngassa,
asiyekanyaga kanisa wala msikiti,
ambaye kabla ya kupandisha mzinga mtini
hutema unga wa mtama kuelekea jua
na kuwataja baba zake mmoja mmoja.
Padri atachora mwaka juu yake,
atachomeka punje tano za ubani,
atauimbia gizani,
na hakuna atakayeuliza nyuki walisali wapi.

Bibi alipobatizwa aliulizwa jina la Muumba.
Akasema, Likube.
Katekista akaandika, Mungu.
Bibi hakujua kusoma; aliendelea kuomba vilevile.

"Kwa hiyo ni uongo?" nikamuuliza Mihayo.
Akafungua mdomo. Akaufunga.
Akaomba kijiko akwangue sufuria.

Usiku wa Pasaka umeme ulikatika.
Yeye ndiye aliyebeba mshumaa.
Nta ikamchuruzikia kidoleni, nikamwona
aking'ata mdomo, haachii.
Sijui alikuwa akimwita nani.

Daftari kalisahau kwangu.
Ukurasa wa Misri una doa la asali,
na sisimizi wameshaufikia.