Taa ya Oili

Nyekundu, ndogo kama punje ya komamanga,
iliwaka Sumail, saa saba ya mchana.
Nikazima gari palepale, kando ya barabara,
nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa ncha ya mtandio:
oili tele, rangi ya asali.

Fundi Ramzan wa Barka akabadilisha sensa, riali saba.
Ikawaka.
Akafunga geji yake kwenye injini: presha safi, dada.
Ikawaka.
Kaka yangu Mundhir akasema, bandika plasta, ulale.
Nikabandika. Usiku, njia ya Ibra,
wekundu ukachungulia pembeni mwa plasta
kama mtoto anayetazama wageni.

Mwaka mzima nikaishi na mwongo,
na sikuogopa uongo wake.
Niliogopa siku atakayosema kweli
nami nimeshamzoea.

Jana nikaichomoa plagi ya sensa, nikaiacha ining'inie.
Bado inawaka!
Basi aliyesema si sensa.
Nikaufuata waya kwa vidole, kucha zikijaa masizi,
hadi nyuma ya injini, kwenye kona ya bati:
umechubuka, shaba tupu imelalia bodi.
Miaka ishirini na sita ya kutikisika.
Nikauvika mpira, nikaufunga mbali na chuma.

Leo, ufunguo. Ikawaka kidogo, kama ipasavyo,
injini ikanguruma, ikazimika.

Mpaka Nizwa barabara ilikuwa nyeupe kwa joto,
na jicho langu likirudi, likirudi tena
kwenye kile kitundu cheusi
kilichonyamaza.