Saa Moja ya Bei za Aprili

Mimi ni mbandika bei
katika duka la Don Eusebio, Rosario, karibu na reli.
Kazi yangu huanza milango ikishafungwa:
bunduki ya vibandiko mkononi, karatasi ya bei mpya mfukoni,
na magoti yanayolalama ninapoinamia rafu ya chini,
penye tambi za bei nafuu,
zilizowekwa pale kwa ajili ya wazee wasioweza kuinama.

Kibandiko juu ya kibandiko.
Kopo la nyanya limenenepa dukani kuliko lilivyotoka kiwandani.
Usiku mmoja nilibandua kwa ukucha, kimoja, kingine, kingine,
nikafika mwezi Machi,
nikakaa sakafuni nikiitazama bei ile
kama picha ya mtu niliyewahi kumpenda.

Jumanne meneja aliniita kabla hakujapambazuka.
"Griselda, mbunge anakuja na kamera.
Rudisha bei za Aprili. Rafu ya mbele tu.
Saa moja, kisha utoe."

Nani kasema wakati haurudi nyuma?
Hurudi, ukiamriwa na wakubwa.
Nikairudisha Aprili kwenye maziwa, kwenye mafuta ya kupikia,
kwenye majani ya mate, ambayo siku hizi
tukiyaona rafuni tunameza yale ya kinywani.

Akaja mheshimiwa Lisandro Etchepare.
Ndiye yule yule aliyesimama uwanjani mwaka juzi, alipokuwa upinzani,
ameuinua mkate juu kama kichwa cha adui:
"Bei hii ni aibu ya taifa!"
Nilipiga makofi. Sikatai.
Nilipiga hadi viganja vikawasha.
Sasa mkate umepanda mara tatu,
na kilichoshuka ni aibu.

Alilishika kapu
kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.
Akachukua maziwa, akaigeukia kamera:
"Wanaolalamika hawajui kununua. Tazameni."
Kisha kwangu: "Sivyo, binti?"
Nina miaka hamsini na mitatu.
Nikasema, "Ndivyo, mheshimiwa,"
na sauti ikanitoka nyembamba, kama ya binti kweli.

Hakuna aliyemkumbuka Doña Eduviges.
Yeye hupitia mlango wa pembeni kila asubuhi
kuja kuzisoma bei, kama wengine wanavyosoma matangazo ya vifo,
kisha hurudi nyumbani na kitunguu kimoja.
Akasimama mbele ya maziwa. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.
Hakupiga kelele.
Alitoa simu, akamnong'oneza dada yake.

Dada yake ana majirani.
Majirani wana matoroli.

Mashine ya malipo ikataja bei ya leo.
Doña Eduviges akanyoosha kidole ukutani,
kwenye tangazo la duka lenyewe, herufi nyekundu:
BEI YA RAFUNI NDIYO BEI.
Meneja akamtazama mbunge.
Mbunge akaitazama kamera.
Kamera haikupepesa jicho.
"Bila shaka," alisema mheshimiwa, meno yote nje,
na jasho likamchora mstari kutoka sikioni hadi kwenye kola.

Nikapiga hesabu za Aprili.
Maziwa, mafuta, tambi, maziwa.
Mtoto mmoja alibeba jibini kifuani kwa mikono miwili,
akitembea polepole, asije akaiamsha.
Dakika arobaini, rafu ikabaki ubao mtupu
na vibandiko vyangu, vikiuza hewa.

Taarifa ya jioni ilionyesha kapu, maziwa, tabasamu.
Foleni haikuonekana.

Mwisho wa mwezi meneja alinikata tofauti yote mshahara,
kwa kuwa mkono uliobandika ulikuwa wangu.
Akanipa risiti, ndefu hadi gotini.
Niliisoma ndani ya basi, mstari kwa mstari,
na nilipofika chini sikulia.
Yale makofi ya uwanjani
yalinigharimu zaidi.