Sikio la Kushoto

Saa tano na dakika arobaini usiku,
dukani kwa kinyozi Mukhwana, Bondeni, Nakuru.
Mita ya stima imebaki na uniti moja na nusu,
mashine zote za kunyolea tumezichomoa,
hata ile iliyokuwa kichwani mwa Shivachi:
kanyolewa upande mmoja,
upande wa pili akaambiwa kesho.

Watu kumi na tisa, viti vitatu.
Viti vyenyewe vimefungwa sakafuni, vinatazama kioo,
na runinga iko nyuma, juu ya mlango,
kwa hiyo waliowahi viti walitazama kiooni
na waliochelewa walitazama runinga yenyewe.
Mimi nilikalia ndoo ya taulo, katikati, kiubavu.

Mtu wa suti anacheka peke yake.
Anamhoji mpishi wa keki. Anamhoji mpishi tena.
Tangazo la sabuni. Tangazo la mkopo.
Tangazo la sabuni ile ile.
Jepkosgei akazungusha kofia, tukachanga
shilingi kumi kumi, na mmoja akatia kifungo cha koti;
tokeni ikaja, tarakimu ishirini,
Mukhwana akakosea ya kumi na saba.
Alivyotukanwa, usiniulize.

Halafu wakatokea.
Vumbi Kali. Vumbi letu,
waliofanyia mazoezi nyuma ya godauni la pareto
mpaka majirani wakampelekea chifu barua.
Gathogo na besi yake iliyofungwa kwa gundi ya mabomba.
Cherogony kwenye ngoma, shati limenyooshwa
(nani alimpigia pasi?).
Na Nyanchama, mfupi kuliko tunavyomkumbuka,
akainama, akalipiga gita
likalia kama bati linalong'oka paani upepo ukishuka Menengai.
Chupa za spiriti zikagongana rafuni.
Hakuna aliyemeza mate.

Na pale gita linapopanda,
pale ambapo sisi hufumba macho,
kamera ikaenda kutuonyesha meno ya mtu wa suti!
Moraa alirusha sponji.
Ilimpata, lakini yeye hakusikia.

Dakika tatu na nusu. Basi.
Tangazo la sabuni.

"Wamepunguza mwendo."
"Wamekomaa."
"Wamepakwa poda, wewe, hata Gathogo!"
"Hawakutaja Nakuru."
"Vumbi ni Nakuru. Ulitaka wataje na namba ya ploti?"
Mamake Cherogony, yule aliyewahi kumwagia ngoma maji ya ugali,
alisimama mlangoni na blanketi mabegani.
Alisema neno moja tu: "Amekonda."
Kisha akaomba warudishwe mwanzo,
kana kwamba runinga ni kaseti.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa sikio.
Alhamisi, akipakia spika, Nyanchama alituapia:
nikigusa sikio la kushoto, mjue nawasalimu nyinyi.
Na kweli, kabla ya ubeti wa mwisho, mkono ulipanda.
"La kushoto!" wakaruka wa runinga.
"La kulia," wakasema wa viti, kwa huzuni,
"amejikuna tu. Tumeshasahauliwa."
Ikawa kelele, ikawa vidole puani,
Ndirangu akamwita Shivachi msaliti wa nusu kichwa,
mpaka Mukhwana, taratibu, kwa kitana,
akagonga kioo:
"Nyinyi wa viti. Jina la bendi mlilisomaje?"
Kimya.
"Kinyumenyume," akasema Shivachi.

Hakuna aliyecheka mara moja.
Ilichukua muda, kama maji kupanda bombani.

Mimi wa ndoo sikusema kitu.
Nilikuwa nimewaona wawili:
Nyanchama wa runinga, Nyanchama wa kioo,
kila mmoja ameshika sikio lake,
wakitazamana juu ya vichwa vyetu
kama watu waliopotezana sokoni.

Uniti zikaisha hapo hapo.
Gizani, kumi na tisa sisi,
nikasikia mikono ikipanda polepole,
nguo zikikwaruzana,
kila mtu akilitafuta la kushoto.