Mfuata-Siafu

Hali siafu. Hapo ndipo watu hukosea.
Nami nilikosea, miaka mitatu
nikiwapikia watafiti bugali na sombe
kambini, nyuma ya Tshivanga, ndani ya ukungu
usioinuka mpaka saa nne ya asubuhi.

Cirhuza ndiye aliyenionyesha, yule mpasua njia
mwenye panga fupi na maneno mafupi zaidi:
"Tazama chini. Huyu si ndege wa juu."
Kamba nyeusi ya siafu ilikuwa inavuka mizizi,
inachemka, inamwagika, inajikusanya tena,
na mbele yake majani makavu yakaanza kukimbia:
panzi, jongoo, buibui na mfuko wake wa mayai,
nyenje ambaye mabawa hayajakauka,
kila mwenye mguu na mguu wake.
Na pale, kwenye ufito wa mwanzi,
kimo cha goti la mtu,
amekaa.

Mdogo. Ungemfumba kiganjani ukamsahau.
Mgongo wa hudhurungi, nyusi za kijivu kama za babu,
koo jekundu, kama aliyemeza neno
likakwama.
Hakuimba. Aliinamisha kichwa, akashuka,
akapanda na panzi mdomoni,
akashuka,
akapanda.
Siafu wanafukuza, yeye anapokea.
"Ndiyo hivyo," Cirhuza akasema, akatema mate,
tukaendelea na safari ya kuni.

Siku hizi nakaa Kadutu, kwenye mtelemko
ambao mvua ikinyesha unahama nasi.
Nina vyumba viwili vya mbao nyuma ya nyumba;
marehemu aliviacha bila dari.
Msimu ule watu walishuka kwa barabara ya Kavumu,
magodoro kichwani, kuku ndani ya sufuria,
cherehani imefungwa juu ya baiskeli isiyo na mnyororo.
Sikuuliza kinachowafukuza. Hapa Bukavu
hatuulizi; tunasikiliza tu umbali wake.
Nilisimama kizingitini,
kimo cha goti juu ya njia,
nikainamisha kichwa,
nikasema: dola arobaini.

Wiki iliyotangulia zilikuwa kumi na tano.

Nsimire alilipa. Alizifungua kutoka fundo la kitenge,
moja baada ya moja, na moja ilikuwa na tundu,
dogo, la kupitisha sindano.
Niliirudisha. "Hii hawaipokei sokoni."
Akaenda nayo gizani, akarudi na nyingine.
Alikoitoa sijui. Hilo pia sikuuliza.

Usiku wa tatu, ng'ambo ya mbao,
mwanawe alikuwa anapiga mluzi:
sauti moja, ikishuka, kimya,
kisha ile ile, ikishuka.
Mwili wangu uliutambua kabla yangu.
Asubuhi nilimwuliza, Mushagalusa, yule mluzi ni wa nani?
"Wa ndege wa kwetu, mama. Yule wa koo jekundu.
Akilia karibu na uzio, bibi anatuamsha
tutoe kuku bandani, tumbebe mtoto mchanga,
maana siafu wako njiani.
Yeye ndiye anayetuambia."

Nilikuwa na ndoo mkononi. Niliendelea kuishika.
Miaka mitatu msituni, na sikuwahi kumsikia
kwa sikio la mwenye kuku.
Kwa hiyo hata yeye,
hata yeye anayekula wanaokimbia,
hulia kwanza.

Mwezi uliofuata nilipunguza dola tano.
Tano. Nasimulia ilivyokuwa,
sisimulii ilivyopaswa kuwa.
Nsimire alisema aksanti, akahesabu mara mbili
akidhani nimekosea.

Na mluzi ule mtoto bado anaupiga, jioni,
makala yakishika moto kwenye mbabula
na mawingu yakikaa juu ya ziwa.
Mimi hunawa uso mbele ya kioo kilichopasuka.
Huinua kidevu.
Hutazama koo.