Safu ya Nne

Baada ya baraka, watu wakishuka kwenye chai,
mimi na shemasi Elikana tunajifungia
katika chumba kinachonuka makoti mabichi,
nyuma ya kanisa la kupanga, Barabara ya Hessle, mjini Hull.
Tunamwaga mfuko mezani.
Sarafu hukimbia kama watoto walioachiwa darasa;
moja haikosi kuingia chini ya hita,
na anayepiga magoti ni mimi.
Wiki nyingine, ndiyo mara pekee.

Daftari lina safu tatu: Zaka. Sadaka. Ujenzi.
Nilizipiga mwenyewe kwa rula ya mwanangu.
Nawajua watu kwa bahasha kuliko kwa sura:
huyu hulamba gundi hadi karatasi inakunjamana,
huyu huandika jina kubwa kuliko kiasi,
huyu alinishika mkono mlangoni, akanong'ona
kama mgeni anayeuliza choo:
"Fungu la kumi, mweka hazina,
ni kabla ya kodi ya Mfalme au baada yake?"
Nikasema nitamuuliza mchungaji.
Mchungaji akasema, tuombe.
Miaka miwili sasa, naye hulipa katikati.

Mimi? Zangu hukatwa na benki kila tarehe moja,
saa ambayo bado nimelala.
Mkono wa kushoto haujui,
na wa kulia, kusema kweli, nao haujui.

Bi Roda Kyando husafisha wodi usiku.
Bahasha yake haina maneno mengi:
pauni thelathini na moja, peni arobaini,
zimebanwa kwa mpira wa nywele.
Miaka sita. Hata Januari ile mabasi yalipogoma.
Ningeweza kurekebisha saa kwa bahasha ile.

Jumapili iliyopita ilikuwa nyepesi.
Ndani, mpira wa nywele, sarafu chache,
na risiti ya duka la kona:
umeme wa kulipia kabla, ule ambao kwetu tungeuita luku,
pauni thelathini.
Nyuma yake, kwa kalamu ya wodi:
"Mzee Clifford wa mlango wa chini
alikuwa gizani tangu Jumatano.
Analala na koti. Nimelipa.
Iliyobaki imo humu.
Tafadhali andikeni panapostahili."

Elikana akavua miwani.
Akasema zaka ni zaka, huletwa ghalani,
haigawiwi njiani kama pipi.
Akasema, "Tukiruhusu hili,
kila mtu atakuwa na Clifford wake."
Maneno yale yakabaki hewani,
nasi wote wawili tukayatazama.
Chini, vikombe viligongana. Mtu alicheka.

Sikumjibu. Si kwa hekima; sikuwa na jibu.
Paa linavuja, hilo nalo ni kweli,
kuna ndoo kando ya kinanda,
na bili ya gesi ilikuwa chini ya kiwiko changu.
Nikaisoma risiti tena, kama mtu atafutaye kosa.
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Alikuwa ametoka zamu. Alikuwa hajalala.

Nikaandika moja na arobaini chini ya Zaka.
Kisha nikachukua rula, nikapiga mstari ukingoni,
safu ya nne, nyembamba kama ufa wa mlango,
na ndani yake thelathini, kwa penseli.
Kichwa cha safu sijakiandika.
Elikana alitazama dirishani mpaka nikamaliza.
"Jumla haitalingana na benki," akasema.
Nikasema najua.

Leo Alhamisi, usiku. Nimefungua simu,
pale penye agizo langu la tarehe moja,
kidole kimesimama juu ya kitufe.
Ng'ambo ya ukuta jirani anakohoa.
Kikohozi chake nakijua, mwaka wa nne huu.
Jina lake silijui.