Kabla ya Matangazo

Kamwene.
Nimelifanyia mazoezi neno hili tangu Makambako
na bado watoto wa kwaya wanacheka.
Wacheke.

Naitwa Edmund Nandonde, baba fundi baiskeli, Masasi,
kule ambako sweta huvaa mtoto mchanga.
Hii niliyovaa ndani ya kanzu
ni ya marehemu Kasisi Mgaya.
Mama Mgaya aliileta jana usiku, hakusema kitu,
alinipima mikono tu,
akakunja mara mbili.

Sisemi nimekuja kuwachunga.
Ng'ombe wenu tu wamenishinda: asubuhi mmoja
alinizibia njia kwenye matope
mpaka Tulizo wa darasa la pili
akaja na fimbo, akanivusha.

Kuimba najua, si sana.
Kuziba pancha najua vizuri.
Kuzika bado sijazoea,
na naomba nisizoee.
Mkiniita usiku nitatoka,
ila mje na tochi,
na jina la mgonjwa mlitamke polepole.

Mengine mtayaona wenyewe.
Mzee Mtweve ananionyesha saa:
viazi havijapaliliwa,
wingu limeshafika mianzini.
Tusimame.